Joto na Virutubishi vya Majani: Kwa Nini Vipimo vya Misimu Miwili Havifanani

Msomaji mmoja ameandika hivi: "Nimelima nyanya za aina moja katika kitalu nyumba kimoja kwa misimu miwili, kwa mbolea ileile na kwa kiasi kilekile. Katika kila msimu nilichuma majani siku ya 40 baada ya kuhamisha miche, nikayapeleka maabara. Msimu wa baridi, wastani wa joto la hewa ulipokuwa nyuzi 19 za Selsiasi, majani yalikuwa na naitrojeni asilimia 4.6, fosforasi asilimia 0.30 na kalsiamu asilimia 1.9. Msimu wa joto, wastani ulipokuwa nyuzi 26, naitrojeni ilishuka hadi 3.7, lakini fosforasi ilipanda hadi 0.38 na kalsiamu hadi 2.6. Uzito mkavu wa majani yote ya shina moja ulikuwa gramu 40 msimu wa kwanza na gramu 65 msimu wa pili. Nimeshauriwa niongeze mbolea ya naitrojeni. Cha kushangaza ni kwamba matunda yameanza kuoza kitako msimu huu wa pili, wenye kalsiamu nyingi. Je, ni joto linalobadilisha virutubishi vya majani, na kama ndilo, linafanyaje kazi hiyo?"

Ndugu msomaji, ndiyo, ni joto kwa sehemu kubwa, ila halibadilishi virutubishi vyote kwa njia moja wala kuvielekeza upande mmoja, na katika vipimo vyako naona mabadiliko matatu ambayo kila moja lina chanzo chake. Kabla sijaanza, nikushukuru kwa kupima uzito wa majani. Bila zile namba mbili za gramu ningebaki kukisia tu, kama alivyokisia aliyekushauri kuhusu mbolea.

Asilimia inayotoka maabara ni uwiano wa vitu viwili: kiasi cha kirutubishi kilichomo ndani ya jani, na uzito mkavu wa jani lenyewe. Joto hugusa vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa kuwa huamua kasi ya mizizi kufyonza na pia kasi ya mmea kutengeneza mwili wake. Asilimia ikishuka, basi, huwezi kujua mara moja kama kirutubishi kimepungua au mwili umeongezeka kuliko kirutubishi. Tuzifanyie hesabu namba zako. Asilimia 4.6 ya gramu 40 ni gramu 1.84 za naitrojeni katika majani ya shina moja, asilimia 3.7 ya gramu 65 ni gramu 2.4 hivi. Kumbe msimu wa joto kila shina lilikuwa limeweka majanini naitrojeni nyingi zaidi, karibu theluthi moja juu ya msimu wa baridi, ingawa karatasi ya maabara inaonyesha kushuka. Naitrojeni yako haikupungua. Ilizimuliwa, kama vile uji uliotiwa sukari ileile lakini ukaongezwa maji.

Kuzimuliwa huku si kasoro. Mmea unapokua, sehemu kubwa zaidi ya uzito wake mpya huwa ni kuta za seli, mishipa na tishu za kushikilia mwili, ambazo zimejengwa kwa kaboni na zina naitrojeni kidogo, na majani ya chini yanapofunikwa na kivuli mmea huyapunguzia protini na kuipeleka kwenye majani ya juu yenye mwanga. Tangu miaka ya 1980, Gilles Lemaire na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba kiwango cha naitrojeni ambacho zao linahitaji ili likue bila kukwama hushuka kwa mkunjo unaotabirika kadiri uzito wa zao unavyoongezeka. Kwa maneno mengine, asilimia 3.7 katika shina kubwa inaweza kuwa shibe kamili, na asilimia hiyohiyo katika mche mdogo ikawa njaa.

Hapo ndipo ninapoona dosari ya pekee katika utaratibu wako, nayo ni ile siku ya 40. Kalenda ni ya binadamu. Mmea huhesabu umri wake kwa joto. Wataalamu wa mazao huchukua wastani wa joto la siku, wakaondoa kiwango ambacho chini yake zao halikui kwa kiasi cha kuhesabika, kisha wakajumlisha kinachobaki siku hadi siku. Kwa nyanya kiwango hicho huwekwa aghalabu kwenye nyuzi 10. Msimu wako wa baridi kila siku ilichangia nyuzi 9, hivyo siku 40 zilikusanya 360. Msimu wa joto kila siku ilichangia 16, zikakusanyika 640. Ulichopeleka maabara mara ya pili ni majani ya mmea uliokomaa karibu mara mbili ya ule wa kwanza, na huenda tayari ulikuwa umebeba matunda yanayovuta naitrojeni na potasiamu kutoka majanini. Ukitaka kulinganisha misimu, chuma majani katika hatua ileile ya ukuaji, kwa mfano shada la pili la maua linapochanua, hata kama hatua hiyo itafika siku ya 35 msimu mmoja na siku ya 55 msimu mwingine.

Sasa tuje kwenye fosforasi, ambayo imefanya kinyume. Katika msimu wa baridi majani ya shina moja yalikuwa na gramu 0.12 za fosforasi, na katika msimu wa joto gramu 0.25 hivi, yaani mara mbili. Uzito uliongezeka kwa asilimia 60 tu, lakini fosforasi ikaongezeka kwa asilimia 100. Hapa hakuna kuzimuliwa. Kilichotokea ni kwamba msimu wa baridi mmea ulikuwa ukizuiwa kuipata fosforasi ambayo ilikuwepo udongoni muda wote. Kwa jambo hili linalotawala ni joto la udongo, si lile la hewa uliyoipima, na ningefurahi kama ungekuwa na kipimajoto kilichochomekwa sentimita 10 chini ya uso wa udongo katika misimu yote miwili.

Fosforasi haisafiri mbali udongoni. Naitrojeni ya aina ya naitreti huelea katika maji na kufuata mkondo unaovutwa na mizizi, ilhali fosfeti, yaani fosforasi katika umbo linalofyonzwa na mizizi, hung'ang'ania chembe za udongo na husogea polepole sana, kwa umbali wa milimita chache tu, kuelekea kwenye mzizi ulio jirani. Kwa sababu hiyo mmea hauisubiri fosforasi ije. Huifuata kwa kurefusha mizizi na vinyweleo vyake, na kwa msaada wa kuvu wanaoishi na mizizi hiyo, yaani mikoriza. Udongo ukiwa baridi, mambo hayo yote husinzia kwa pamoja. Mizizi hukua polepole, kuvu hao pia, vijidudu vinavyooza mabaki ya mimea na kuachia fosforasi hupunguza kazi, na msambao wa fosfeti katika maji ya udongo huzidi kuwa wa taratibu. Hata maji yenyewe huwa mazito: mnato wa maji ya nyuzi 0 ni karibu mara mbili ya mnato wa maji ya nyuzi 25, hivyo mzizi hutumia nguvu zaidi kuyavuta. Zaidi ya hayo, kufyonza fosfeti ni kazi inayohitaji nishati, na nishati hiyo hutokana na upumuaji wa seli za mizizi, ambao katika joto la kawaida la mimea huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 zinazopanda na hupungua vivyo hivyo zinaposhuka.

Dalili yake huenda uliiona bila kuitambua. Miche iliyo katika udongo baridi, hasa ya nyanya na mahindi, hupata rangi ya zambarau chini ya majani na kwenye mishipa, kwa sababu sukari isiyotumika katika ukuaji hurundikana na mmea hutengeneza rangi ziitwazo anthosianini. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mgeni katika kazi hii, niliwahi kuagiza mbolea ya fosforasi iongezwe kwenye shamba zima lenye miche ya namna hiyo, isipokuwa mstari mmoja uliosahauliwa. Wiki chache baadaye udongo ulipata joto, na mstari uliosahauliwa ukawa wa kijani sawasawa na mingine. Mbolea ile haikuwa na kazi ya kufanya.

Hapa lazima nikuonye juu ya jambo linaloweza kukuchanganya ukisoma zaidi. Mwaka 2004, Peter Reich na Jacek Oleksyn walichapisha uchambuzi wa vipimo 5,087 vya majani ya spishi 1,280 za mimea kutoka maeneo 452 duniani, na wakaonyesha kwamba naitrojeni na fosforasi katika majani hupungua kwa jumla kadiri mtu anavyoelekea ikweta na wastani wa joto la mwaka unavyopanda, huku uwiano wa naitrojeni kwa fosforasi ukiongezeka. Ukiyaweka matokeo hayo kando ya vipimo vyako, utasema fosforasi yako imekwenda kinyume cha dunia. Haikwenda kinyume. Wao walilinganisha mimea iliyozoea mahali pake kwa vizazi vingi, katika udongo wa umri tofauti. Wewe umelinganisha aina moja ya mmea katika udongo mmoja kwa misimu miwili. Sehemu ya maelezo ya tofauti ile ya dunia ni udongo wenyewe, kwa kuwa udongo wa maeneo mengi ya tropiki ni mkongwe na umeoshwa na mvua kwa muda mrefu mno hadi fosforasi yake ikapungua au ikafungwa na madini ya chuma na aluminiamu. Wewe udongo wako haukubadilika kati ya misimu hiyo miwili.

Sehemu nyingine ya maelezo yao, hata hivyo, inakuhusu, na inaongeza kitu kwenye hesabu yetu ya naitrojeni. Kazi za jani hufanywa na vimeng'enya, ambavyo ni protini, na protini ina naitrojeni ya asilimia 16 hivi ya uzito wake. Kimeng'enya kikuu cha usanisinuru, rubisko, peke yake huweza kufikia nusu ya protini zote zinazoyeyuka katika jani la mimea kama nyanya, na hubeba robo hivi ya naitrojeni ya jani. Joto likishuka, kila molekuli ya kimeng'enya hufanya kazi polepole. Mmea wenye muda wa kuzoea baridi hufidia kwa kuongeza idadi ya wafanyakazi pale ambapo kila mfanyakazi amekuwa mzito: hutengeneza protini nyingi zaidi katika jani, pamoja na ribosomu na asidi za kiini zinazohusika na kuitengeneza, ambazo ndizo zenye fosforasi nyingi. Kwa hiyo asilimia 4.6 ya msimu wako wa baridi ilikuwa kubwa kwa sababu mbili zilizoshikana, mmea mdogo usiozimuliwa na jani linalohitaji protini zaidi kufanya kazi ileile. Upande wa fosforasi, jani lilikuwa na haja hiyohiyo ya kuongeza, lakini mizizi ilikuwa imekwama katika udongo baridi na haikuweza kuitimiza. Uwiano unaonyesha hivyo: msimu wa baridi kulikuwa na sehemu 15 za naitrojeni kwa sehemu moja ya fosforasi, na msimu wa joto sehemu 10 hivi.

Kalsiamu ni habari nyingine kabisa, na ndiyo inayofumbua fumbo la matunda yako. Kirutubishi hiki husafiri karibu chote katika mishipa inayopandisha maji kutoka mizizini, na kikishafika mahali hakihamishwi tena kwenda pengine, tofauti na naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu, ambavyo mmea huweza kuvitoa katika majani ya zamani na kuvipeleka kwenye machanga. Mahali panapopoteza maji mengi ndipo panapopokea kalsiamu nyingi. Hewa yenye joto ina kiu, nayo huvuta maji kupitia vitundu vya majani, hivyo majani yako yaliyokomaa yalipokea kalsiamu kwa wingi: gramu 1.69 kwa shina badala ya gramu 0.76. Tunda la nyanya, kwa upande wake, lina ngozi isiyopitisha maji kwa urahisi, na linapopigania maji na majani mchana wa joto hushindwa. Joto hilohilo hulifanya tunda likue haraka, seli zake zikahitaji kalsiamu zaidi kwa muda mfupi zaidi, na kitako cha tunda, kilicho mwisho wa mkondo, ndicho kinachokosa kwanza. Ndiyo maana unaweza kuwa na majani yaliyojaa kalsiamu na matunda yanayooza kitako kwenye shina moja. Kunyunyizia kalsiamu majanini hakusaidii sana, kwa kuwa haitatoka humo kwenda kwenye tunda. Kinachosaidia ni kumwagilia kwa kiasi kisichopandapanda na kushuka, kupunguza joto la mchana kwa kivuli na hewa ya kutosha, na kutotumia mbolea nyingi ya amonia, kwa sababu amonia hushindana na kalsiamu mlangoni mwa mzizi. Ukiongeza naitrojeni kama ulivyoshauriwa, utaongeza majani, na majani hayo yatazidi kulipokonya tunda maji.

Hujataja potasiamu wala virutubishi vinavyohitajika kwa kiasi kidogo, nami sitavirefusha. Potasiamu hufyonzwa kwa shida katika udongo baridi, ingawa haielemewi kama fosforasi, na matunda yanapoanza kujaa huipunguza majanini katika hali yoyote ya joto. Zinki, kwa kuwa nayo husogea kidogo udongoni, hufuata mkondo wa fosforasi. Chuma huleta njano kwenye majani machanga hasa udongo ukiwa baridi, umejaa maji na una chokaa, na mara nyingi njano hiyo huondoka yenyewe udongo ukikauka kidogo na kupata joto.

Nisije nikakuacha ukidhani kwamba joto likizidi kupanda mizizi itazidi kufyonza. Kwa mboga nyingi, mizizi hufanya kazi vizuri udongo ukiwa kati ya nyuzi 20 na 30 hivi, na ukipita hapo kwa kiasi kikubwa upumuaji wa mizizi hula sukari kuliko inayoshuka kutoka majanini, oksijeni katika maji ya udongo hupungua, utando wa seli hulegea na kuvujisha, na protini zinazobeba virutubishi kuingia ndani ya mzizi hupungua. Hapo asilimia za majani huanza kushuka kwa sababu ya uhaba wa kweli, hata kama mbolea imelala pembeni mwa mzizi. Njia ya kulitofautisha hili na kuzimuliwa ni ileile ya kuzidisha asilimia kwa uzito: ikiwa asilimia imeshuka na jumla nayo imeshuka, au uzito haukuongezeka, basi mizizi imeshindwa. Kuna na kinyume chake kinachodanganya zaidi, yaani mmea uliodumaa vibaya kwa baridi au kwa upungufu wa kirutubishi kimoja, ambao virutubishi vingine hurundikana katika mwili wake mdogo na kuonyesha asilimia nzuri. Nimekuta majani ya mimea iliyokuwa ikifa yakiwa na vipimo vya kupendeza.

Kumbuka pia kwamba jani lina joto lake, ambalo si la hewa. Jani lenye maji ya kutosha hujipoza kwa kuyavukiza na huweza kuwa na ubaridi kuliko hewa inayolizunguka. Jani lililofunga vitundu vyake kwa ukosefu wa maji, likiwa kwenye jua kali, hupanda juu ya hewa kwa nyuzi kadhaa. Mimea miwili katika kitalu kimoja, mmoja ulio karibu na tundu la bomba la kumwagilia na mwingine ulio mbali, inaweza hivyo kuwa na majani yenye joto tofauti na vipimo tofauti. Ukichuma sampuli, changanya majani ya mashina mengi, yasipungue 20 au 30, na usichanganye yaliyonyauka na yenye afya.

Kuhusu uchumaji wenyewe, chagua jani changa kuliko yote yaliyofikia ukubwa kamili, katika nafasi ileile ya shina kila mara, na uamue tangu mwanzo kama utapeleka vikonyo vyake au utaviondoa, kwa sababu vikonyo vina naitreti na potasiamu nyingi kuliko ubapa wa jani. Chuma saa ileile ya siku, nami napendelea asubuhi umande ukishakauka. Kadiri mchana unavyosonga jani hujaa wanga na uzito wake huongezeka, hivyo asilimia ya naitrojeni hushuka kidogo bila naitrojeni kwenda popote. Wakati wa baridi wanga huo hubaki ndani ya jani usiku kucha, kwa kuwa sehemu zinazokua zimepunguza ulaji, na hilo ni sababu nyingine ya kutolinganisha asubuhi ya msimu mmoja na alasiri ya msimu mwingine. Kausha majani kwa nyuzi 65 hadi 70 hadi uzito usibadilike tena. Ukizidisha sana utaunguza baadhi ya vitu, ukipunguza, jani litaendelea kupumua na kujila lenyewe kabla halijakauka.

Kwa sasa nisingegusa mbolea ya naitrojeni. Asilimia 3.7 katika majani yaliyokomaa ya nyanya yanayoanza kubeba matunda haiko chini, na jumla yake imeongezeka. Kama utapanda tena msimu wa baridi, nguvu yako ielekeze kwenye udongo kwanza: tandaza nailoni nyeusi juu ya matuta wiki mbili kabla ya kuhamisha miche, mwagilia asubuhi badala ya jioni ili maji baridi yasilale na mizizi usiku, na weka fosforasi kidogo karibu na mizizi badala ya kuitawanya tuta zima, kwa vile mizizi mifupi ya wakati huo haitaifikia iliyo mbali. Kisha unitumie joto la udongo la asubuhi na la alasiri pamoja na vipimo vya majani vya shada la pili la maua. Fosforasi ikipanda bila kuongeza kiasi cha mbolea, tutakuwa tumethibitisha kuwa kizuizi kilikuwa baridi. Isipopanda, itabidi tupime udongo wenyewe, tukianza na uchachu wake.